Pasipoti Iliyo Ndani ya Damu

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa mbio za asubuhi hapa Nakivale, Uganda. Tulitaka kuandika juu ya viatu, maana viatu ndiyo shida yetu ya kila siku. Lakini mwaka jana kulitokea jambo kati yetu, na tumeona tusipoliandika litampata mwingine ambaye hana wa kumwuliza.

Sisi tuko kumi na mmoja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana Base Camp, tunashuka upande wa ziwa, tunarudi kabla foleni ya maji haijawa ndefu. Wengi ni Wakongo, Warundi wako watatu, na Msomali mmoja anayetuacha sote kwenye mlima. Mwenzetu mmoja anajitolea kituo cha afya. Anapima watoto kilo, anaandika majina kwenye daftari, anatafsiri pale musawo na mgonjwa wasipoelewana. Huyo mkumbukeni, atarudi.

Na yuko mdogo wetu. Jina lake hatuliandiki, mwenyewe amekubali tuandike habari tu. Ana miaka 19 na ana mbio za kweli, si kama sisi tunaokimbia ili tusikae na mawazo. Basi zikatangazwa mbio za kilomita 10 mjini, na zawadi ya kwanza ilikuwa shilingi milioni moja. Nyinyi mnaokula mgao mnajua milioni moja ni nini. Ni duka. Ni ada ya dada zake wawili.

Wiki tatu kabla ya mbio, mdogo wetu alikuja usiku nyumbani kwa mwenzetu wa kituo cha afya. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa.

"Yaya, wewe uko na watu wa dawa. Unidunge hii."

Alikuwa amepewa na mtu wa mjini anayejiita kocha. Bei ilikuwa shilingi laki tatu. Alilipa nusu, nusu nyingine angelipa akishinda. Hiyo nusu ilitoka wapi? Aliuza simu yake, akauza na mbuzi mmoja wa mama yake. Mama akaambiwa mbuzi amepotea.

Mwenzetu akaisogeza taa asome karatasi ya kichupa. Jina la ile dawa alikuwa amekwisha kuliona. Kuna mama wa block yetu mwenye ugonjwa wa figo. Hospitali ya mjini ilimwandikia dawa hiyo hiyo, na karatasi yake ameiweka kwenye begi pamoja na kadi ya mgao, maana dawa yenyewe hajawahi kupata pesa ya kuinunua kama inavyotakiwa. Mwenzetu aliwahi kumsomea ile karatasi. Sasa dawa ya mama mgonjwa iko mfukoni mwa kijana mzima anayetaka kushinda mbio.

Usiku ule hakumdunga. Alimwambia, "Lala, kesho tuongee wote." Asubuhi hatukukimbia. Tulikaa chini ya mti tukabishana mpaka jua likawa kali.

Kusema ukweli, si wote tulisema hapana. Watatu walisema adungwe. Mmoja alisema hivi: "Wazungu wenye kila kitu wanafanya. Sisi wenye njaa ndiyo tuwe watakatifu?" Wengine tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Tukakubaliana kwanza tujue hicho kitu ni nini. Tukachanga pesa ya bando, tukamwuliza na musawo mmoja mwenye uvumilivu. Siku nne tulisoma na kuuliza. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Damu inabeba oksijeni, na wabebaji ni chembe nyekundu. Ukiwa na chembe nyingi, misuli inapata oksijeni zaidi, na unachelewa kuchoka. Ni kama boda boda: zikiwa nyingi stendi, mizigo inafika haraka. Anayeamua idadi yao ni figo. Figo zikiona oksijeni imepungua, zinatoa homoni inayoitwa EPO, inakwenda kwenye uboho wa mifupa kusema: tengeneza chembe mpya. Chembe moja inaishi kama siku 120. Ndiyo maana wakimbiaji wanakwenda milimani, kama Iten kule Kenya, mita 2,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya kule ina oksijeni kidogo, mwili wenyewe unaongeza damu. Hiyo hakuna anayeikataza.

Mtu mwenye figo mbovu hana EPO ya kutosha. Damu yake inapungua, anapumua kwa shida hata akitoka kitandani kwenda mlangoni. Kwa ajili ya watu kama huyo, wataalamu wakatengeneza EPO maabara, na mwaka 1989 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Haikuchukua muda wanamichezo wakaigundua. Kamati ya Olimpiki ikaipiga marufuku mwaka 1990.

Lakini mchezo wa damu ni wa zamani kuliko dawa hiyo. Mwaka 1972, huko Stockholm, mtafiti Björn Ekblom na wenzake waliandika kwamba ukimtoa mtu damu, ukaihifadhi, ukasubiri mwili ujaze pengo, kisha ukamrudishia, anakimbia muda mrefu zaidi. Mwaka 1980 Kaarlo Maaninka wa Finland alipata medali mbili Olimpiki ya Moscow, za mita 10,000 na mita 5,000, na baadaye akakiri aliongezwa damu. Wakati ule haikuwa kosa. Mwaka 1984 Los Angeles, baadhi ya waendesha baiskeli wa Marekani waliongezwa damu kabla ya mashindano. Habari zilipotoka ikawa aibu, na muda mfupi baadaye jambo hilo likapigwa marufuku.

Kwa hiyo yule mwenzetu alikuwa na haki nusu: wenye pesa walifanya. Lance Armstrong alishinda Tour de France mara saba, 1999 mpaka 2005. Mwaka 2012 alinyang'anywa zote, na Januari 2013 akakiri mbele ya kamera kwamba alitumia EPO na kuongeza damu. Hao wote walikuwa na madaktari na friji nzuri. Sisi tungekuwa na nini? Kichupa kilichotembea mfukoni na jua la Isingiro.

Hapo musawo alituuliza swali moja tu: "Hiyo dawa imekaa wapi?" EPO inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Mdogo wetu alikaa nayo siku mbili mfukoni, na huyo kocha hatujui alikaa nayo wapi. Musawo akatueleza tena kwamba damu ikiwa na chembe nyingi mno inakuwa nzito. Mkimbiaji anatoka jasho, maji yanapungua, damu inazidi kuwa nzito, inaweza kuganda kwenye moyo au kichwani. Mgonjwa wa figo anapewa dawa hii huku anapimwa damu mara kwa mara ili isizidi. Mdogo wetu angepimwa na nani?

Tulisoma pia juu ya Riccardo Riccò, mwendesha baiskeli wa Italia. Februari 2011 alipelekwa hospitali hali mbaya sana, na daktari akaripoti kwamba alimwambia amejirudishia damu yake mwenyewe iliyokaa kwenye friji ya nyumbani siku 25. Alipona, lakini alifungiwa miaka 12. Hiyo ni Ulaya, umeme hauzimiki. Sisi tulitazamana.

Sasa, wanawakamata vipi? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na hapa ndipo mdogo wetu, aliyekuwa amenuna siku zote, alianza kusogea karibu.

Mwanzoni hawakuweza. EPO ya dawa inafanana sana na EPO ya mwili. Mwaka 1997 chama cha baiskeli duniani kikaweka mpaka: chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu ya mwanamume. Ukizidi, hukimbii siku hizo. Mwaka 1999 Marco Pantani alikuwa anaongoza mbio kubwa za Italia, zikabaki siku mbili tu, akapimwa na kukutwa na 52, akatolewa. Lakini mpaka ule ulikuwa na kasoro mbili. Mwenye 42 kwa asili angeweza kujidunga mpaka 49 na kupita akicheka. Na kuna watu waliozaliwa na damu nyingi. Eero Mäntyranta wa Finland alishinda medali saba za Olimpiki kwenye mbio za theluji, na watu walimsema miaka mingi kwamba anadanganya, maana damu yake ilikuwa nyingi kupita kawaida. Mwaka 1993 wanasayansi wakaonyesha kwamba familia yake ina badiliko la kurithi linalofanya mwili uisikie EPO kupita kiasi. Yani alizaliwa hivyo.

Mwaka 2000 maabara ya Ufaransa ikapata njia ya kutofautisha EPO ya dawa na ya mwili kwenye mkojo, na ikatumika Olimpiki ya Sydney mwaka huohuo. Kwa wanaoongezwa damu ya mtu mwingine ikaja njia nyingine. Hata kama group zinafanana, chembe zina alama nyingine ndogo ndogo, na mashine inaona alama za watu wawili ndani ya mkono mmoja. Tyler Hamilton wa Marekani alinaswa hivyo mwaka 2004.

Ikabaki ile ngumu: mtu kujirudishia damu yake mwenyewe. Utasemaje hii si yake? Ndipo ikaja pasipoti.

Ndiyo, wanaiita pasipoti. Pasipoti ya kibayolojia ya mwanariadha. Chama cha baiskeli kilianza nayo mwaka 2008, na Desemba 2009 shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA, likaweka taratibu zake. Haitafuti dawa. Inatafuta historia. Mwanariadha anapimwa damu mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, bila kuambiwa mapema. Kila kipimo kinaandikwa: hemoglobini ni ngapi, na chembe changa, zile zilizotoka kwenye uboho juzi juzi, ni asilimia ngapi. Kompyuta inajifunza kawaida yako wewe. Hulinganishwi na jirani, unalinganishwa na wewe wa jana. Mtu kama Mäntyranta asingesumbuliwa kwa sababu tu kawaida yake iko juu.

Na mwili unasema. Ukitoa damu, uboho unafanya kazi haraka, chembe changa zinaongezeka. Ukijirudishia, mwili unaona chembe zimezidi, uboho unapumzika, chembe changa zinapotea huku hemoglobini iko juu. Ukijidunga EPO, changa zinapanda. Ukiacha ili dawa itoke kwenye mkojo, zinaanguka. Dawa imekwenda lakini nyayo zimebaki. Matokeo yakikaa vibaya, wataalamu watatu wanayasoma bila kujua jina la mtu wala nchi yake.

Kwa njia hiyo, mwaka 2012 Hélder Ornelas wa Ureno, mkimbiaji wa marathoni, alikuwa wa kwanza kwenye riadha kufungiwa kwa ajili ya pasipoti. Na msidhani ni habari ya Ulaya peke yake. Oktoba 2018 Abraham Kiptum wa Kenya alikimbia nusu marathoni kule Valencia kwa dakika 58 na sekunde 18, rekodi ya dunia. Aprili 2019, siku chache kabla ya London Marathon, alisimamishwa kwa sababu ya pasipoti yake ya damu. Alifungiwa miaka minne na rekodi ikafutwa. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa marathoni wa 2016, alikutwa na EPO mwaka 2017, akafungiwa miaka minne. Baadaye ikawa minane, kwa kuwa alitoa maelezo ya uongo ya hospitali. Zamani damu ya pasipoti ilitakiwa kufika maabara ndani ya saa 36, na upande wetu maabara hazikuwepo, kwa hiyo wengine walijiona salama. Mwaka 2018 ikafunguliwa maabara ya kazi hiyo Nairobi. Njia ya mwongo ni fupi, na sasa imefupishwa zaidi.

Mdogo wetu akauliza, "Sasa kwenye mbio za mjini watapima?"

Tulimjibu ukweli: hapana. Mbio ndogo kama zile hakuna anayepima. Hatukutaka kumdanganya ili atutii. Angeweza kudungwa, angeweza kushinda, na hakuna ambaye angejua.

Jibu likatoka kwa yule Msomali wetu, mtu wa maneno machache. Alisema: "Wewe unataka kushinda mjini, au unataka kwenda mbali?"

Sote tulijua anasema nini. Mwaka 2016 kule Rio ilitoka timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi. Watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, wakafundishwa na Tegla Loroupe kule Ngong. Wawili walikuwa Wakongo wenzetu, wa judo. Wengi wetu tuliona picha zao, na mdogo wetu picha yao ameibandika ukutani. Lakini tulipokuwa tunasoma tulikuta na hii: mwaka 2023 mwanariadha mmoja wa timu ya wakimbizi alikutwa na EPO, akafungiwa. Habari haikusema tu fulani amedanganya. Ilisema mkimbizi. Mkimbiaji wa nchi kubwa akianguka, nchi yake ina wengine mia. Sisi tukianguka mmoja, tunaulizwa wote.

Halafu fikirini hili neno pasipoti. Wengi wetu hatujawahi kushika pasipoti. Tuko na makaratasi yanayoisha muda, tuko na vidole na macho kwenye mashine ili tupate mgao. Jina likiandikwa vibaya, unahangaika mwaka mzima. Kila siku mtu mwingine ndiye anasema sisi ni nani. Sasa mdogo wetu siku moja anaweza kupata pasipoti ambayo hakuna ofisi inayoiandika, inaandikwa na mwili wake. Ukurasa wa kwanza wa kitu kama hicho, kwa nini auandike uongo?

Hatutasema alilia akatukumbatia. Alikasirika. Aliondoka, siku mbili hakuja kukimbia. Tuliogopa amepata mtu mwingine wa kumdunga. Siku ya tatu alikuja, kichupa mkononi, akasema basi apewe yule mama wa figo, angalau isipotee. Hilo lilituuma kuliko yote, maana hata hilo halikuwezekana. Dawa iliyokaa joto, isiyojulikana imetoka wapi, huwezi kumpa mgonjwa. Musawo aliichukua ili itupwe na takataka za dawa. Shilingi laki moja na nusu. Simu na mbuzi.

Pesa hatukuirudisha. Yule kocha tulimpigia, akakata, akabadilisha namba. Tulichofanya ni kwenda na mdogo wetu kwa mama yake, watu kumi na mmoja mlangoni, akasema mwenyewe mbuzi alikwenda wapi. Mama alinyamaza sana. Kisha akasema, "Afadhali mbuzi." Tulimchangia kidogo kidogo, mpaka mwezi wa tano ndiyo tukanunua mwingine.

Mbio alikimbia. Alikuwa wa tisa. Hakupata kitu, ila fulana. Njiani kurudi alituuliza, "Yule wa kwanza, mnadhani alikuwa msafi?" Hatukujua, na tulimwambia hatujui. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, ndugu zetu. Ukikataa, hakuna anayekupigia makofi, na pengine aliyekupita anacheka. Hatutaki kuwaambia mambo ni mepesi.

Yule mama wa figo bado tunaye. Damu ikipungua sana anapelekwa mjini kuongezwa, kama damu ipo. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mfuko mmoja wa damu, mililita 450 hivi, kwa mtu mmoja ni medali ya wizi, kwa mwingine ni wiki kadhaa za kuamka na kwenda mlangoni mwenyewe. Sasa gari la kukusanya damu likija, wale wenye umri na kilo za kutosha tunakwenda. Mdogo wetu tumemwambia achague wakati ambao hana mashindano, na anachagua.

Jambo la mwisho. Tulinunua daftari moja la kurasa 96. Kila Jumamosi tunampima muda wake, njia ileile, kilomita 10, saa ya simu mbili ili tusikosee. Tunaandika tarehe, dakika, sekunde, kama kulikuwa na mvua, kama alikula jana yake. Wawili wetu wanaweka sahihi. Kwenye jalada mwenyewe ameandika kwa bic: PASIPOTI. Jumamosi iliyopita alipunguza sekunde kumi na moja.

Kama kwenye kambi yenu kuna kijana anakimbia, muulizeni anakula nini, na nani anamwahidi nini. Muulizeni mapema, kabla ya mbuzi kuuzwa.

Ni sisi, watu wa mbio za asubuhi, Base Camp, Nakivale.